Walioanguka Bombani

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na egemeo, kalamu ya bluu na kitabu kikubwa cha jalada gumu, nikaambiwa nihesabu wagonjwa. Chumba cha kumbukumbu cha hospitali yetu ya Mbulu kilikuwa nyuma ya duka la dawa, na dirisha lake lilitazama upande wa Tlawi, kwetu. Asubuhi yenye ukungu sikuona kitu. Asubuhi yenye jua niliona kilima cha nyumbani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kunipatia kazi ya kuandika, si ya kuendelea na shule. Mkuu wa masjala, mzee mwembamba aliyevaa sweta moja la kijani mwaka mzima, alinifungulia ukurasa, akatoka kwenda kunywa chai.

Aliporudi nilimwambia wagonjwa ni thelathini na mmoja.

"Umehesabu nini?" akauliza.

"Mistari, mzee."

"Rudia. Safari hii hesabu watu, usihesabu mistari."

Nikarudia. Mstari wa tisa na mstari wa ishirini na nne ulikuwa mwanamke mmoja. Asubuhi aliandikwa kwa jina la baba yake, mchana akaandikwa kwa jina la mumewe. Kijiji kilekile, umri uleule, ugonjwa uleule. Nilipomwonyesha, mzee hakunisifu.

"Wanawake wa huku wana majina mawili, na wewe ni mmoja wao," alisema. "Ukiolewa usije ukanipotelea humu ndani."

Ndugu zangu vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta kila mgonjwa ana namba kwenye kompyuta. Wakati wetu kulikuwa na vitu viwili tu. Rejista ni kitabu cha chumba au cha wodi, ambamo kila anayepita anaandikwa mstari mmoja. Jalada ni la mgonjwa mwenyewe, lina karatasi zake zote, na linakaa kwenye rafu kwa namba. Mgonjwa akifunguliwa majalada mawili, nusu ya ugonjwa wake inakaa rafu hii na nusu rafu ile, na hakuna daktari atakayejua.

Mzee alinifundisha pia namna ya kukosea. Kifutio kilikuwa marufuku, na rangi nyeupe ya kufutia vilevile. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya neno, neno la zamani libaki linasomeka, unaandika la sahihi juu yake, unaweka sahihi na tarehe. "Atakayekuja kesho aone tulikosea wapi," alisema. Nilikaa naye miaka sita, na sikuwahi kumwona akivunja kanuni hiyo, hata kwenye karatasi ya likizo yake mwenyewe.

Baada ya hapo nilihamishiwa wodi ya wazazi. Muuguzi kiongozi wa wodi alinipokea mlangoni.

"Karani, hapa huandiki umekaa," aliniambia. "Utaandika umesimama. Na ukiambiwa weka kalamu ushike taa, unashika taa."

Nilishika taa mara nyingi. Nilijifunza kusoma chati ya uchungu, karatasi ambayo mkunga anaweka alama kila baada ya muda kuonyesha njia inavyofunguka na mapigo ya moyo wa mtoto yanavyokwenda, ili uchungu ukichelewa mno ionekane mapema. Hakuna aliyenituma kujifunza. Niliazima vitabu vya wauguzi, nikanakili maneno nisiyoyajua kwenye daftari, kisha nikayauliza moja moja wakati wa chai. Wauguzi waliniita Daktari wa Daftari. Walipokuwa na kazi nyingi walinitania kidogo. Walipokuwa hawana kazi walinitania sana.

Watafiti walikuja nikiwa tayari na watoto wawili. Ilikuwa miradi miwili ndani ya jengo moja. Mmoja ulikuwa wa afya ya uzazi: wanawake waliopata matatizo wakati wa mimba au kujifungua, na waliopoteza watoto. Mwingine ulikuwa wa majeruhi wa barabarani, kwa sababu pikipiki zilikuwa zimejaa kuliko baiskeli na chumba cha majeruhi kilijaa pamoja nazo. Ofisi zao zilikuwa ncha mbili za korido moja. Mgawanyo ulielezwa kwa sentensi fupi: walioumia barabarani ni wao, wengine wote wa wodi ya wazazi ni wetu. Mimi nilichukuliwa kuwa mkusanyaji wa taarifa upande wa uzazi.

Tulifunzwa kwa wiki mbili. Dodoso ni orodha ya maswali yanayoulizwa kwa kila mtu kwa maneno yaleyale. Ridhaa ni ruhusa ya mgonjwa mwenyewe, na bila hiyo huulizi kitu. Na tuliambiwa tusiulize swali la kuongoza, yaani swali lenye jibu ndani yake. Hili la mwisho nililiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, kisha nikalivunja. Mgonjwa mwenye maumivu akikwama neno, nilimsaidia kulipata. Niliona ni upole.

Mgonjwa nitakayemweleza nimembadilisha jina. Hapa anaitwa Theresia. Aliletwa mchana mmoja wa masika, amelazwa nyuma ya Kenta, lori dogo lililokuwa linarudi kutoka Dongobesh, akiwa na mimba ya miezi tisa. Alitoka upande wa Masieda. Kwa kuwa alikuwa analia nyonga, na hili nililijua baadaye, walimpeleka kwanza chumba cha majeruhi, akapigwa picha ya mifupa. Kabla picha haijasomwa alianza kutoka damu nyingi, akakimbizwa wodi ya wazazi. Mtoto alikuwa amekwisha kufariki tumboni. Damu ilisimamishwa, mama akapona.

Kesho yake nilikwenda kitandani kwake na dodoso. Pembeni alikaa mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mpaka kwenye vidole vya mkono wa kulia. Alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Poleni sana. Ilikuwaje?"

"Ameanguka bombani," alisema mama mkwe.

"Alikuwa amebeba ndoo?"

"Alikuwa amebeba ndoo."

Theresia aligeukia ukutani. Niliandika: kuanguka, bombani, amebeba ndoo. Mimi nimekulia Tlawi, ambako bomba la kijiji lilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na utelezi wake naujua. Jibu lile lilikaa vizuri kwenye karatasi. Ule mkono uliofungwa kanga niliuona pia, lakini dodoso halikuwa na nafasi ya msindikizaji.

Nikawauliza kama walipitia chumba cha majeruhi. Mama mkwe alisema hapana, walikuja moja kwa moja. Jalada nililomfungulia lilifuata jina lililokuwa kwenye kadi ya kliniki, la baba yake. Alilala wiki mbili. Maumivu ya nyonga yalihesabiwa kuwa ya uzazi, akaruhusiwa akitembelea fimbo.

Utaratibu wetu ulikuwa kumfuata kila mama nyumbani baada ya wiki sita. Nilishuka kwenye basi dogo Dongobesh, nikapokelewa na mhudumu wa afya wa kijiji, mzee mcheshi aliyetembea haraka kuliko mimi. Njia ilikata korongo lenye kingo za udongo mwekundu, hakuna daraja, magogo mawili tu kwa waendao kwa miguu. Nilitazama magogo nisidumbukie.

Nyumbani mama mkwe alitupokea uani. Theresia hakutoka. Alikuwa kwenye kibanda kidogo mwisho wa ua. Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, watu wa huku, mwanamke aliyepoteza mtoto hukaa kando kwa muda: hachoti maji na wenzake, hali nao chombo kimoja, na majirani hawaingii alipo. Familia nyingi za kanisani zimeiacha, nyingine zinaishika nusu. Hapa iliongezewa lawama.

"Aliambiwa asibebe maji," mama mkwe alisema, akitazama chini. "Hakusikia."

Ukurasa wa mwisho wa dodoso ulitaka nieleze mahali pa tukio. Nikasema, "Mama, naomba unionyeshe hilo bomba."

Mhudumu wa afya ndiye aliyecheka.

"Bomba? Dada, hapa bomba tumeahidiwa tangu sijaoa. Sasa nina wajukuu. Au ndiyo umetuletea?"

"Maji mnachota wapi?"

"Kisimani, kule bondeni. Hata mteremko hauna. Ni tambarare kama meza."

Mama mkwe aliingia ndani bila kutuaga. Nikasogea karibu na kibanda, sikuvuka kizingiti. Theresia aliniuliza kutoka ndani, taratibu:

"Dada karani, kule hospitali uliandika nini?"

"Niliandika umeanguka bombani."

"Basi ndivyo ilivyo. Kama imeandikwa."

Nimesikia mambo mazito zaidi ya hayo wodini. Lakini hayo mengine hayakuwa kwa mwandiko wangu.

Niliporudi nilifungua madodoso yetu yote, nikayatenga yenye neno bombani. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, na yaliongezeka msimu wa mvua. Kisha niliuliza wahudumu wa afya wa vijiji, mmoja mmoja kwa simu, vijiji vipi vina bomba. Vingi havikuwa nalo. Nikapeleka orodha kwa Mtafiti Mkuu, daktari wa mjini, mtu wa maneno machache aliyesoma kila karatasi kwa kuiwekea rula chini ya mstari.

"Una ushahidi wa nini?" aliniuliza.

"Kwamba hawakuangukia bombani, daktari."

"Vizuri. Waliangukia wapi?"

"Nadhani barabarani. Kwenye pikipiki."

"Unadhani." Aliondoa rula. "Umeniletea nusu ya jambo. Nenda katafute nusu iliyobaki, usiniletee ya kudhani."

Alikuwa sahihi. Ofisi ya majeruhi ilikuwa na upungufu wa mtu mjini Katesh, kwa hiyo akaniazima kwao kwa miezi mitatu. Nilipangiwa kituo cha afya kisicho mbali na lami, chumba cha kufungia vidonda, dirisha likitazama Mlima Hanang. Kule kazi ilikuwa tofauti. Upande wa uzazi unasubiri. Upande wa majeruhi unaletewa. Siku ya mnada walikuja wafuga ng'ombe, wauza viatu, wanawake wa maduka waliobebwa na mizigo yao, na waendesha bodaboda wenyewe, ambao walijua sindano ya pepopunda kwa jina.

Mmoja wao, mtu mzima wa miaka kama thelathini na tano, alikuja na kiwiko kilichochubuka. Muuguzi alimsafisha, mimi nikamuuliza.

"Uliangukia wapi?"

"Andika barabarani, mama. Bombani ni kwa abiria."

Muuguzi akacheka. Mimi nikaweka kalamu chini. "Abiria gani?"

Akanitazama vizuri. "Mama, wewe ni wa polisi?"

"Mimi ni wa karatasi tu."

"Karatasi ndizo zinazotufunga."

"Hii haitoki chumbani humu bila kuondolewa jina lako. Soma hapa, ndiyo ridhaa yako. Ukikataa naondoka."

Alisoma mpaka mwisho, akitamka herufi kwa midomo. Kisha akanieleza, na hakuona kuwa ni siri kubwa. Mtu akisema ameumia kwa pikipiki, hospitali inadai PF3, ile fomu ya polisi inayotakiwa kwa kila jeraha la barabarani. Kituo cha polisi kiko mbali na kidonda kinasubiri. PF3 ikipatikana, mwendeshaji anatafutwa, na mwendeshaji ni ndugu au jirani aliyejitolea. Kwa hiyo kwenye kijiwe cha bodaboda abiria anafundishwa la kusema.

"Ukimbeba shemeji yako mjamzito, mkaanguka," aliniuliza, "utampeleka polisi kwanza au hospitali?"

"Hospitali."

"Basi na wewe umeanguka bombani."

Nikacheka naye, kisha nikauliza kwa nini bombani. Kwa nini wasiseme shambani, au mlangoni kwao.

"Hilo lilitoka Mbulu, kwa wenzetu wa Dongobesh. Kuna mama mmoja alifika hospitali, akasema ameteleza, akakwama hapo. Karani akamuuliza, 'Bombani?' Akaitikia. Hakuulizwa tena kitu, akapokelewa. Ndiyo ikawa njia. Karani mwenyewe ndiye aliyetupa neno hilo."

Miezi mitatu ilipokwisha nilirudi, nikayapanga madodoso ya bombani kwa tarehe, nikatafuta la kwanza kabisa. Lilikuwa na mwandiko wangu. Nilimkumbuka yule mama: wa makamo, mguu umevimba, amesema "Nimeteleza" akaangalia dari. Na nilikumbuka sauti yangu ikimalizia, ya msichana wa Tlawi anayejua utelezi wa bomba.

Nilimpelekea Mtafiti Mkuu dodoso lile pamoja na maelezo ya Katesh. Alisoma kwa rula yake mpaka mwisho.

"Huyu karani ni nani?"

"Ni mimi, daktari."

Hakupandisha sauti. "Data ya uzazi imefungwa mwezi uliopita. Ripoti imeshakwenda." Kufunga data ni kuizuia isiguswe tena, ili mtu asiirekebishe kwa kupenda. "Hatuwezi kuifungua kwa ajili ya tunachokijua sasa. Andika waraka wa makosa, tutauambatanisha. Anza na la kwako."

Niliandika kurasa mbili. Kwa hiyo ripoti ile iko mahali fulani, na inasema kwamba katika eneo letu akina mama wengi wajawazito huumia kwenye kuchota maji. Anayesoma waraka ulioambatanishwa atajua kwamba waliumia wakija kwetu. Sijui ni wangapi husoma viambatanisho.

Tuliyoweza kubadili tuliyabadili. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa hospitali nzima, alikubali kuandika ukutani kwamba mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza na PF3 inafuatiliwa baadaye. Swali la "Ilikuwaje?" tuliliondoa. Tukauliza: ulitoka wapi, ulikuwa unakwenda wapi, ulikwenda kwa usafiri gani, ulikuwa na nani. Mtu anayejibu manne hayo hahitaji kusaidiwa neno. Nami nilipewa nafasi ya kusimamia makarani wa miradi yote miwili, nadhani kwa sababu nilikuwa nimekosea upande mmoja na kuligundua kosa upande wa pili.

Theresia alibaki. Jina lake lilikuwa kwenye waraka kwa namba tu, na kibandani kwake alikuwa bado ni mwanamke asiyesikia.

Mwaka uliofuata, karibu na mavuno, niliitwa wodi ya wazazi na yule muuguzi kiongozi, sasa mwenye mvi. Theresia alikuwa amekaa kwenye benchi na mimba ya miezi minane, mama mkwe pembeni yake.

"Kadi yake haina neno," muuguzi kiongozi aliniambia kwa sauti ya chini. "Mtoto wa kwanza alifariki, mama aliangukia bombani, basi. Kwa kadi hii namruhusu akajifungulie zahanati ya kwao. Lakini mtazame anavyokaa."

Alikuwa amekalia upande mmoja wa mwili.

"Ninalotaka kujua ni kama mfupa wa nyonga uliguswa," aliendelea. "Ukiwa umeunga vibaya, mtoto hatapita. Na uchungu ukimkuta kule, ataletwa hapa kwa njia ileile."

Nilikwenda masjala. Sikutafuta jina la baba yake, nilitafuta la mumewe, kwenye rafu ya majeruhi, tarehe ileile ya masika. Jalada lilikuwepo, jembamba, karatasi moja na picha. Daktari wa zamu alikuwa ameandika kwa haraka: mjamzito, nguo zina tope na oili, inasemekana pikipiki, PF3 inasubiriwa. PF3 haikuletwa, na wenyewe hawakurudi kulidai jalada lao. Kwenye picha ufa ulionekana hata kwa mtu kama mimi.

Nilirudi nalo, nikamwonyesha Theresia jina lililoandikwa juu.

"Hili ni lako?"

Alimtazama mama mkwe. Nilijua ninachomwomba. Akisema ni lake, basi hakuna bomba, hakuna ndoo, na shemeji yake anaingia kwenye maandishi. Akisema si lake, picha ile ni ya mtu mwingine na anarudi Masieda na kadi yake safi. Muuguzi kiongozi alifungua mdomo, nikamgusa mkono asimsaidie neno. Tulisubiri. Kule ndani mtoto wa mtu alikuwa analia.

Mama mkwe ndiye aliyesogea. Alifungua kanga kwenye mkono wa kulia, taratibu, akauweka juu ya meza ya wodi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kama tawi lililokatwa vibaya.

"Andika," alisema. "Nilikaa nyuma yake, nimemshika kiuno. Mwanangu mdogo ndiye aliyeendesha. Tulianguka kwenye korongo, pale penye magogo. Hakubeba ndoo."

"Mama," Theresia alisema, na sauti yake haikupanda, "na nyumbani utasema?"

"Nitasema. Kwanza aandike."

Kwenye jalada la uzazi nilipiga mstari mmoja juu ya neno bombani. Nikaandika juu yake: barabarani, korongoni, akiletwa kujifungua. Nikapiga mstari juu ya "amebeba ndoo". Nikaweka sahihi na tarehe mara mbili, kisha nikayafunga majalada yote mawili kwa uzi mmoja. Muuguzi kiongozi hakumruhusu Theresia kuondoka. Alimpeleka nyumba ya kungojea, ile ya akina mama wa mbali wanaosubiri siku zao karibu na hospitali, na mama mkwe akabaki kumpikia. Wiki tatu baadaye alifanyiwa upasuaji uliopangwa, asubuhi, daktari akiwa na picha ya nyonga mbele yake. Mtoto wa kike alilia kabla hajatolewa vizuri. Walipompeleka mtoto kuchanjwa, mhudumu wa afya wa kijiji aliniambia kwa simu kwamba mama mkwe alisimama uani siku ya kurudi, mbele ya ndugu wa mumewe, akaeleza. Ilimchukua muda mfupi, alisema, kama mtu anayesoma tangazo.

Nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano, kwa hiari, macho yakiwa bado yanasoma mwandiko wa madaktari. Makarani wa sasa wanatembea na vishikwambi. Swali likitokea, majibu yanashuka kwa orodha na wanagusa moja: nyumbani, shambani, bombani, barabarani, kwingine. Ni haraka, na hesabu haikosewi. Nimewaambia wasimsomee mgonjwa ile orodha. Wapo wanaonisikia, wapo wanaosema mama wa zamani anapenda maneno mengi. Ninapenda, ni kweli. Mtu akiteleza nataka kujua alikuwa anakwenda wapi.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki na hotuba, niliomba rejista ya majeruhi ya mwaka ule wa ajali ya Theresia, nikaenda nayo kwenye kile chumba nyuma ya duka la dawa. Kanuni inaruhusu kuingiza aliyesahauliwa, mradi uandike kuwa ni ingizo la kuchelewa na useme ni siku gani umeandika. Nilikuwa na idhini ya Mganga Mfawidhi na ya wenyewe. Nilimwandika mama mkwe, kifundo cha mkono. Nilimwandika shemeji, ambaye aliniambia kwa simu kwamba alichubuka goti na hakuona kuwa ni kitu. Nilimwandika mtoto aliyefia tumboni, ambaye hakuwa na jina. Theresia alikuwepo tayari.

Nikahesabu watu wa ile pikipiki. Walikuwa wanne. Nikaweka sahihi na tarehe, nikafunga kitabu, nikakirudisha rafuni pamoja na kalamu.